Bango Lililogeuka Sakafu ya Gari

Usta Sherbini hakuwahi kununua bamba jipya la chuma dukani. Alisema mabamba ya siku hizi hupinda kabla hujayaudhi. Katika miaka arobaini na moja ya kuziba kutu za magari katika mtaa wa Labban, mjini Iskandaria, alitumia mabango ya zamani ya maduka: yale ya chuma kinene kilichopakwa rangi ya kioo na kuchomwa tanuruni, ambayo chumvi ya bahari iliyalamba nusu karne bila kuambulia kitu. Aliyapata kwa wachuuzi wa vikorokoro wapitao na mikokoteni, akayapanga ukutani kwa kufuata unene. Maandishi hayakumhusu.

Upande wenye maandishi aliuelekeza chini, kwa kuwa ndio uliokuwa na rangi nene zaidi, na maji ya barabarani hupiga kutokea chini. Kwa hiyo mtu aliyelala chali chini ya magari ya Labban angeweza kuusoma mtaa ambao haupo tena. Gari la muuza samaki lilikuwa na daktari wa meno. Teksi ya Abu Samra ilikuwa na fundi wa kunyoosha tarbushi. Gari la imamu liliangukiwa na tangazo la bahati nasibu, na hilo ndilo bamba pekee ambalo Usta aliligeuza maandishi yakawa juu, akalifunika kwa zulia, asilizungumze hata kwa mkewe.

Hakuwa mtu wa maneno. Kazi alifunzwa katika karakana ya tramu na fundi wa Kigiriki aliyekuwa na tabia ya kunyamaza, na pamoja na kazi akairithi tabia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa makelele ya nyundo. La kulia alilitunza kwa ajili ya kutu: aligongagonga bamba kwa kinyundo kidogo, akasikiliza, na pale mlio ulipogeuka kutoka wa kengele kuwa wa kibuyu, akachora kwa chaki. Kisha alikata upana wa vidole viwili nje ya chaki, katika chuma kizima, kwa kuwa aliamini kutu ina haya na haijitokezi yote mbele ya wageni.

Kama watu wengine hujivunia ardhi au watoto, Usta Sherbini alijivunia jambo moja: mshono wake haukuwahi kufunguliwa. Si na yeye, si na mwingine, si kwa sababu yoyote. Magari yalikufa kwa injini, kwa ajali, kwa wenyewe kuhamia ng'ambo, lakini pale alipolehemu paliondoka pazima. Pale Labban wanawake walipomwombea bibi harusi walisema, "Mungu awashike kama mshono wa Sherbini." Yeye alipolisikia hilo aliinama kutafuta kitu sakafuni.

Ndipo, wiki moja baada ya dhoruba ya Qasim, ile ya mwanzo wa Desemba, Ustadh Nassif alipolisukuma gari lake hadi mlangoni mwa karakana. Ustadh Nassif alikuwa mwalimu mstaafu wa jiometri, mjane, mwembamba kama rula, na gari lake lilikuwa Fiat ya mwaka 1961, rangi ya maziwa.

"Usta, nimefunga breki," alisema.

"Zikashika?"

"Zilichelewa. Kiatu kilitangulia." Akainua mguu wa kulia. Soli ilikuwa imekwisha kama sabuni. "Pale mzunguko wa Manshiya, sakafu ikafunguka, mguu ukafika barabarani. Nimetembea na gari hatua tatu, Usta, nimelivaa kama suruali."

Usta aliingiza kichwa chini ya gari, akagonga, akasikiliza. "Sakafu ya mbele yote, kulia na kushoto. Na kizingiti cha kushoto."

Kizingiti ni ule mhimili ulio mtupu ndani kama sanduku refu, unaopita chini ya milango na kulibeba gari zima. Cha Ustadh Nassif kilikuwa kimeliwa kwa ndani hadi kikabaki rangi tupu iliyosimama kwa mazoea.

"Nataka kila pembe irudi ilivyokuwa," alisema Ustadh. "Tisini iwe tisini."

"Kwa chumvi ya hapa, Ustadh, hata wewe huna tisini. Tutajaribu."

Alifanya kazi siku kumi na moja. Kwanza alitoa viti, betri na tangi la petroli, kisha akapigilia vyuma viwili vya kuvuka uwazi wa milango, ili gari lisije likajikunja kama kitabu atakapolitoa kizingiti. Ukutani alichagua bango nene kuliko yote, la buluu iliyokolea, lililoandikwa kwa herufi nyeupe mistari miwili: MAINI YA, na chini yake HANAFI. Kwa kuwa sakafu ya gari lile imegawanywa katikati na mfereji wa mtaimbo uzungushao magurudumu, alilikata bango vipande. "Maini ya" ilikwenda miguuni mwa dereva. "Hanafi" ilikwenda upande wa abiria. Ukabaki ukanda mrefu wa chini, ambao mtu aliupaka rangi ya mafuta juu ya rangi ya kioo, buluu juu ya buluu. Urefu wake ulilingana na kizingiti kana kwamba ulipimwa, na Usta akaamua uwe ukuta wa ndani.

Rangi ya mafuta haivumilii moto, hivyo aliibandua yote kwa kikwaruzo na brashi ya waya. Chini yake palijitokeza mstari wa tatu, wa maandishi madogo. Aliusoma. Akausoma tena alipokuwa akiupima. Kisha akasaga kingo hadi chuma kikang'aa, akalehemu nukta kwa nukta, akiruka kutoka pembe moja hadi ya pili ili bamba lisipinde kwa joto, na baina ya nukta na nukta akiweka kitambaa kilicholowa maji na kungoja mpaka kiganja kivumilie. Alifunga kizingiti, akamimina ndani nta iliyoyeyushwa na mafuta machafu, akaziba. Mstari wa tatu ukabaki gizani, na Usta akausahau jinsi kinyozi anavyosahau anayosikia.

Miezi minne baadaye, Fiat ilipata pancha mbele ya maduka ya maini.

Maduka hayo ni mawili na yanatazamana. La kaskazini ni la Haji Bayumi, na juu yake pameandikwa: Maini ya Hanafi, Duka la Asili, Hatuna Tawi Jingine. La kusini ni la binamu yake, Haji Shehata, na juu yake pameandikwa maneno yaleyale, kwa herufi kubwa kidogo. Babu yao Hanafi alipofariki, watoto wake wawili waligombana mbele ya kikaango kilichokuwa bado cha moto, na katika vurugu ile nyanya yao alilichukua bango la zamani akalibadilisha kwa mchuuzi wa mkokoteni, akapewa mabeseni mawili ya plastiki. Tangu hapo binamu hawakusalimiana. Mmoja akiongeza kitunguu saumu, mwenziwe huongeza bizari.

Haji Bayumi, aliyekuwa mnene na mwenye huruma kwa wastaafu, alipiga magoti kumwekea Ustadh Nassif jeki. Hakuinuka. Haji Shehata, akiwa ng'ambo na kisu mkononi, alimwona adui yake amepiga magoti mbele ya Fiat kama anayeiposa. Udadisi ukamshinda. Akavuka barabara, naye akapiga magoti upande wa pili.

"Umeona?" alisema Bayumi kutoka chini, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia binamu yake kwa miaka ishirini na miwili.

"Mimi naona 'Hanafi'. Wewe una nini?"

"'Maini ya'."

"Babu," alisema Shehata.

"Babu yangu," alisema Bayumi, na uhasama ukarejea mahali pake.

Tramu ilisimama. Teksi zikapiga honi. Ustadh Nassif, akiwa na tairi mikononi, aliuliza kwa adabu kama wangeendelea na jeki au vipi.

Jioni ileile suala lilifikishwa kwa Muallima Dawlat. Huyu alikuwa mwenye mgahawa wa kahawa, mama wa miaka sabini, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutomtii, kikao cha suluhu cha mtaa kilikuwa popote alipoweka kiti chake. Aliagiza shisha, akawaweka binamu mbali mbali, akawauliza wanataka nini.

"Mstari wa tatu," alisema Bayumi. "Bango lilikuwa na mstari wa tatu uliopakwa rangi. Uliandikwa 'Hanafi na Mwanawe Mkubwa'. Na mwana mkubwa alikuwa baba yangu."

"Uliandikwa 'Hanafi na Wanawe'," alisema Shehata. "Ndiyo maana baba yako akaupaka rangi."

"Baba yangu hakujua kushika brashi. Tazama ukuta wenu mliomwachia apake."

"Nyamazeni," alisema Muallima Dawlat. "Atakayetajwa na mstari huo abaki na neno 'asili'. Asiyetajwa alifute. Mmekubali? Mmekubali. Mstari uko wapi?"

Watu wote walimgeukia Usta Sherbini, aliyeitwa kama shahidi na kukaa karibu na mlango.

"Ndani ya kizingiti cha kushoto," alisema.

"Unaonekana?"

"Hauonekani. Nimeufunga."

"Basi ufungue."

Usta aliitazama glasi yake ya chai. "Muallima, mimi niliusoma. Mkitaka—"

"Sitaki. Si kwamba nakudharau, wewe ni mtu mkweli. Ila nikilichukua neno lako, mmoja wao atasema umelishwa maini."

"Na analishwa," alisema Bayumi. "Kila Jumanne anaonekana kwa Shehata."

"Jumanne namrekebishia mlango," alisema Usta.

"Umesikia, Muallima? Mlango. Miaka mingapi mlango?"

"Kikao hiki kinataka macho," alisema Muallima Dawlat. "Ijumaa, baada ya swala, utakata mbele ya watu."

Ustadh Nassif alisimama na kueleza kwamba kizingiti kikifunguliwa gari litalegea, mstatili utakuwa msambamba, na milango haitafunga tena. Muallima alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kuwa asipokubali, meza yake ya tawla, mchezo wake wa dadu, pale mgahawani itahamishiwa karibu na choo. Ustadh alikaa.

Usta Sherbini alikwenda nyumbani na hakula. Mkewe alipomuuliza, alisema, "Wanataka nifungue." Mke hakuuliza nini. Kwa miaka yote ya ndoa yao mumewe alikuwa na kitu kimoja tu ambacho kingeweza kufunguliwa. Alimwekea sahani tena, akaifunika.

Jambo hilo lilimkaa Usta pabaya kwa pande mbili. Akikata, mshono wa Sherbini umekwisha, na kwa mkono wa Sherbini mwenyewe. Lakini pia aliujua mstari. Akiuanika mbele ya mtaa, wangeanguka watu wengi kuliko hao wawili: wapishi, wakataji pilipili, wanawake wa nyumbani mwao, wote waliokula kutokana na neno "asili". Aliyapima mambo hayo mawili kama alivyopima mabamba, na kila alipopima yalitoka sawa.

Ijumaa karakana ilijaa. Viti vilitoka mgahawani. Muuza supu ya dengu aliweka jiko lake kando ya mtungi wa gesi, akahamishwa, akarudi. Haji Bayumi alikuja na mchoraji wa mabango, mtaalamu wa miandiko. Haji Shehata alikuja na mpiga picha wa harusi. Fiat ilisimama juu ya shimo la ukaguzi, imeoshwa, na Ustadh Nassif alikaa ndani ya gari, akikataa kutoka, kwa hoja kwamba nahodha hukaa melini.

Usta Sherbini alipigilia tena vile vyuma viwili vya milangoni. Alipima mlalo, akapima tena. Alichora mstari wa chaki kando ya mshono wake, ulionyooka hata mchoraji wa mabango akaguna kwa heshima. Aliwasha mashine ya kusagia, akaiinamisha, akaizima.

"Binamu wawili washuke nami shimoni," alisema. "Kabla ya kukata lazima wenye haki waone hali ya chini. Ndiyo taratibu."

Hapakuwa na taratibu kama hiyo, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo, na walimwamini.

Walishuka ngazi. Shimo lilikuwa jembamba, na Haji Bayumi alilazimika kuingia kwa ubavu. Walisimama watatu chini ya gari, "Maini ya" juu ya kichwa cha mmoja, "Hanafi" juu ya kichwa cha mwingine. Hapo juu miguu ya watu ilisikika, na kikohozi cha Ustadh Nassif kilichotoka sakafuni kama sauti ya mizimu.

"Nitawaambia kilichoandikwa," alisema Usta kwa sauti ndogo. "Baada ya hapo mkisema nikate, nakata."

"Sema," walisema wote wawili, kisha wakachukiana kwa kusema pamoja.

"Pameandikwa: 'Tawi la pili. Duka la asili ni la Bibi Mabruka, Damanhuri, mkabala na stesheni.'"

Tone la mafuta lilidondoka kwenye bega la Shehata. Hakulifuta.

"Umesoma vibaya," alisema Bayumi.

"Niliusoma mara mbili."

"Herufi huwa zinafutika, Usta."

"Hizo hazikufutika. Zilikuwa na rangi nzuri kuliko zote."

"Mabruka ni nani?" aliuliza Shehata.

Bayumi aliinua macho kwenye bango. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtoto aliyekumbuka alipokificha kitu. "Yule bibi. Aliyekuwa akileta pilipili kwa pipa kila Ramadhani. Tukadhani ni zawadi."

"Yule aliyekuwa akimwita babu 'wewe kijana'?"

"Huyo. Babu na mvi zake, akasimama."

"Mimi nilidhani ni shangazi yake."

"Alikuwa akionja kikaango, Shehata. Shangazi gani anakuja kutoka Damanhuri kuonja kikaango, anaandika kwenye daftari, anaondoka?"

Shehata aliegemea ukuta wa shimo. "Amekufa?"

"Zamani."

"Ana wajukuu?"

"Wengi."

"Wanafanya kazi gani?"

"Wewe unadhani wanafanya kazi gani."

Juu, Muallima Dawlat aligonga kwa bomba la shisha. "Hukooo, mmelala?"

"Tunakagua, Muallima," alijibu Shehata. Kisha akamshika binamu yake mkono, mkono mnene uliokuwa na jasho, na akausahau mkononi mwake. "Brashi ilikuwa ya babu mwenyewe," alisema.

"Na sisi tukasingizia baba zetu," alisema Bayumi. "Usta, hii nta uliyomimina humo ndani. Inadumu?"

"Ikitunzwa."

"Itatunzwa."

Walipanda ngazi wameshikana, kwa sehemu kwa sababu Bayumi alikuwa amenasa na ilibidi avutwe. Haji Bayumi alisimama mbele ya kizingiti, akafuta chaki ya Usta kwa mkono wa shati lake jeupe la Ijumaa.

"Gari hili halikatwi," alisema.

"Anayelikata ananikata mimi," alisema Shehata. "Mpiga picha, nenda nyumbani."

Minong'ono ya masikitiko ilipita kwenye viti. Watu walikuwa wamejipanga kuona mtu akishindwa. Muallima Dawlat aliwatazama binamu, halafu akamtazama Usta Sherbini, aliyekuwa akiikunja waya ya mashine kwa duara zinazolingana.

"Mmepatana?"

"Tumepatana."

"Kuhusu nani ni asili?"

"Sote wawili," alisema Bayumi. "Kwa usawa kabisa."

"Hakuna anayeweza kutuzidi katika hilo," alisema Shehata.

"Miaka ishirini nawasuluhisha hawa kwa chai na viti vya mto," alisema Muallima, akiinuka. "Kumbe walihitaji shimo."

Ustadh Nassif aliteremsha kioo na kuuliza kama mstatili umesalimika. Alijibiwa kuwa umesalimika. Akashukuru, akapandisha kioo, na baada ya muda akashuka, maana betri ilikuwa imetolewa kwa ajili ya kukata na gari lisingewaka.

Tangu siku hiyo Fiat ile ndiyo gari linalotunzwa kuliko yote mjini Iskandaria. Binamu walielewa kitu ambacho Usta hakuhitaji kuwafafanulia: kutu ikikila kizingiti, mstari wa tatu utaanguka barabarani mchana kweupe, mbele ya yeyote ajuaye kusoma. Hulikagua kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Huleta nta. Maji ya mvua yakituama mtaani, hutuma mbao za kupitia. Ustadh Nassif hupelekewa mikate ya maini kutoka kaskazini na kusini, naye huwapa paka, kwa kuwa hali maini, na hakupata nafasi ya kulisema hilo. Mara moja alitaka kumtembelea dada yake Damanhuri. Alipofika kona aliwakuta Haji wawili wamesimama mbele ya boneti, bega kwa bega, wakimwambia kwa upole kwamba barabara ya huko ina chumvi.

"Damanhuri haina bahari," alisema Ustadh.

"Chumvi ya hewani, Ustadh. Ndiyo mbaya zaidi. Panda treni, tutakusindikiza."

Usta Sherbini aliwapa kinyundo chake cha akiba na kuwafundisha kusikiliza. Hupiga magoti kando ya kizingiti, Bayumi kichwani, Shehata mkiani, wakigonga na kusogea mpaka wanapokutana katikati, kila mmoja ametega sikio ubavuni mwa gari kama daktari. Usta huwatazama kutoka mlangoni, mikono nyuma.

"Mnasikia nini?" huwauliza.

"Kengele, Usta."

"Mpaka mwisho?"

Hugonga tena, kwa uangalifu zaidi, pale mshono unapopita.

"Mpaka mwisho."

Naye huinama kutafuta kitu sakafuni.